Kabla ya Kula, Ipime Njaa: Mwongozo kwa Mwenye Kisukari

Mtu mwenye kisukari anaweza kuinuka mezani akiwa ameshiba vizuri, na kabla ya saa tatu kupita akajikuta anatafuta chakula tena kama aliyeshinda njaa. Wengi huambiwa kwamba huo ni ulafi au ukosefu wa nidhamu, na wao wenyewe huishia kuamini hivyo. Ukweli ni kwamba njaa katika ugonjwa huu ina asili zaidi ya moja: ipo inayoletwa na sukari iliyoshuka, ipo inayoletwa na sukari iliyopanda, ipo inayochochewa na dawa, na ipo ile ya kawaida ambayo kila binadamu anayo. Zote husikika kwa namna inayokaribiana sana, ilhali kinachotibu moja huweza kuidhuru nyingine. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na kipimo kabla ya kufika kwenye sahani. Lakini kipimo hicho hakitaeleweka vizuri bila kujua kwanza amri ya kula inatoka wapi.

Amri ya kula inakotoka

Upande wa chini wa ubongo, juu kidogo ya tezi ya pituitari, kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Ndani yake yapo makundi mawili ya seli za neva yanayovutana mchana na usiku. La kwanza likichangamka, mtu husikia njaa na mwili huanza kubana matumizi ya nishati; la pili likichangamka, hamu ya kula hupungua. Seli hizi hazioni chakula wala hazijui saa ya kula imefika, bali hutegemea taarifa zinazoletwa na damu pamoja na neva kutoka tumboni.

Taarifa hizo ni za namna mbili. Namna ya kwanza inahusu akiba ya mwili. Seli za mafuta hutoa leptini, homoni iliyogunduliwa mwaka 1994 na kundi la Jeffrey Friedman huko New York, na kiwango chake hupanda na kushuka kufuatana na wingi wa mafuta mwilini. Insulini ya kongosho nayo, mbali na kazi yake mashuhuri ya kuingiza glukosi katika misuli na mafuta, hufika ubongoni na kulituliza kundi la seli za njaa. Namna ya pili inahusu mlo wenyewe. Grelini, iliyogunduliwa Japani mwaka 1999, hutolewa zaidi na tumbo, hupanda kabla ya mlo na kushuka baada yake. Mafuta na protini vikifika mwanzoni mwa utumbo mwembamba hutolewa kolesistokinini, ambayo huzungumza na ubongo kupitia neva ya vagasi; chakula kikisogea mbele zaidi hutolewa homoni za GLP-1 na PYY; na kongosho, kila linapotoa insulini, hutoa pia amilini, ambayo huchelewesha tumbo kumwaga chakula utumboni na kuuambia ubongo kwamba mlo umetosha.

Kisukari huvuruga mpangilio huu mahali pengi kwa wakati mmoja. Katika kisukari aina ya kwanza kisichotibiwa, insulini haipo, amilini haipo, na mafuta yanapoyeyuka leptini nayo huporomoka. Ubongo hupokea ujumbe mmoja tu, nao ni kwamba mwili unakufa njaa, hata kama damu imejaa glukosi. Hali hiyo ni sawa na ya mwenye ghala lililofurika lakini mlango wake haufunguki. Hapo ndipo hutokea dalili inayofahamika tangu zamani, ya mgonjwa kula sana na kukonda. Katika aina ya pili mambo huwa tofauti. Mara nyingi, hasa miaka ya mwanzo, insulini ni nyingi na leptini ni nyingi pia, ila seli zinazopaswa kuzisikia zimekuwa sugu. Ujumbe unatumwa, haupokelewi ipasavyo, na mtu mwenye akiba kubwa ya mafuta anaendelea kusikia njaa ya kweli. Anayemwambia mtu kama huyo ajizuie tu anazungumza na sehemu ya ubongo ambayo haina sauti kubwa katika jambo hili.

Pima kwanza, kisha uamue

Njaa isiyotarajiwa inapokuja, jambo la kwanza ni kupima sukari. Nawa mikono kwa maji na sabuni na uikaushe kabisa, kwa sababu mabaki kidogo ya tunda au ya kitu kitamu kwenye kidole yanaweza kuipandisha namba kwa kiwango cha kupotosha. Toboa pembeni mwa ncha ya kidole badala ya katikati, ambako kuna maumivu zaidi. Andika namba, saa, muda uliopita tangu mlo wa mwisho, na ukali wa njaa kuanzia 1 hadi 10. Hatua hii ya mwisho wengi huiruka, nayo ndiyo yenye faida kuliko zote, kwa kuwa namba ya sukari isiyoambatana na kiwango cha njaa haielezi chochote kuhusu hamu ya kula.

Ikiwa sukari iko chini ya milimoli 3.9 kwa lita (miligramu 70 kwa desilita), hiyo ni njaa ya dharura. Ubongo, ambao ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake mtu akiwa amepumzika, unategemea glukosi kwa kiasi kikubwa, na ikipungua huamrisha adrenalini kutolewa. Matokeo yake ni kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio na njaa isiyovumilika. Kula gramu 15 za sukari inayofyonzwa haraka, kwa mfano vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji au mililita 150 za juisi ya matunda, subiri dakika 15, kisha pima tena. Ikiwa bado iko chini, rudia. Chokoleti na vitu vyenye mafuta havifai hapa, kwa sababu mafuta huchelewesha sukari kufyonzwa. Mtu aliyepoteza fahamu asipewe chochote mdomoni; alazwe ubavu, aitiwe msaada, na apewe glukagoni, homoni inayopandisha sukari, ikiwa ipo na yupo anayejua kuitumia.

Kosa kubwa hutokea ndani ya zile dakika 15. Sukari imeshamezwa lakini bado haijaufikia ubongo vya kutosha, hivyo njaa inaendelea kupiga kelele, na mgonjwa anaendelea kula mpaka itulie. Inapotulia huwa ameshakula mara nne au tano ya kiasi kilichohitajika, na saa mbili baadaye sukari iko 15 au zaidi. Kwa hiyo andaa zile gramu 15 mapema, uziweke tayari katika kifuko au chupa ndogo, ili wakati wa kutetemeka usilazimike kukadiria. Ukishazitumia, ondoka jikoni, kaa mahali, na uitazame saa. Sukari ikisharudi na mlo unaofuata uko mbali, kula kitu kidogo chenye wanga na protini. Ni vyema pia kukumbuka kwamba baada ya miaka mingi ya ugonjwa, au baada ya sukari kushuka mara kwa mara, dalili hizi hufifia, na kwamba baadhi ya dawa za shinikizo la damu, hasa jamii ya propranololi, huficha kutetemeka na mapigo ya moyo ingawa jasho hubaki. Mtu wa namna hiyo asiitegemee njaa imwonye.

Ikiwa sukari iko juu, tuseme 14, na bado una njaa kali, tatizo lako si upungufu wa chakula. Glukosi iko kwenye damu lakini haiingii kwenye seli, na inapopita takriban 10 huanza kumwagika katika mkojo pamoja na nishati yake. Kuongeza wanga hapa ni kuongeza kile kile kilichokwama. Kunywa maji, maana kiu nayo huongezeka na mara nyingi huchanganywa na njaa. Hakiki kama ulitumia dawa au insulini ya siku hiyo. Na kama umefundishwa kurekebisha sukari kwa insulini, fanya hivyo kwa kiwango ulichopewa na daktari. Ikiwa huwezi kungoja mpaka sukari ishuke, chagua chakula chenye protini na mboga za majani, chenye wanga kidogo. Njaa ya aina hii hupungua pale tu insulini inapoanza kufanya kazi, na kwa mtu ambaye sukari yake hukaa juu kwa wiki kadhaa, hakuna mbinu ya kula itakayoifuta kabla tiba yenyewe haijarekebishwa. Hilo ni suala la kliniki.

Namba inapoonekana nzuri na njaa bado ipo

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, na hapa ndipo panastahili uangalifu zaidi. Tuchukue mfano wa mtu aliyeandika hivi katika daftari lake: kabla ya mlo, 7.1, saa moja baada ya mlo, 13.4, saa mbili na nusu baada ya mlo, 6.2, njaa 8. Namba ya mwisho ikitazamwa peke yake ni nzuri kabisa, na mtu angeweza kujilaumu kwa kuwa na njaa katika hali hiyo. Lakini sukari hiyo imeporomoka kwa zaidi ya milimoli 7 ndani ya saa moja na nusu. Mteremko wa namna hiyo, hata usipofika kiwango cha hatari, unatosha kuamsha hamu ya kula. Wenye kihisio cha sukari kinachobandikwa mkononi huuona kwa mshale unaoelekea chini, na wasio nacho wanaweza kuugundua kwa kupima mara mbili baada ya mlo mmoja kwa siku chache. Dawa ya mteremko huu imo katika mlo uliotangulia: kilele kikiwa kifupi, mteremko nao huwa mfupi. Ikiwa unatumia insulini au vidonge vinavyolazimisha kongosho kutoa insulini, mshale huo unaweza pia kumaanisha kwamba sukari bado inaelekea chini ya 3.9, kwa hiyo pima tena baada ya dakika 15 kabla ya kuidharau njaa hiyo.

Kuna hali nyingine inayofanana na hiyo. Mtu aliyeishi kwa miezi na sukari ya 15 au 18 anapoanza tiba na kufika 6, mwili wake huweza kutoa dalili zote za sukari kushuka, njaa ikiwa mojawapo, kwa sababu ubongo umeshazoea wingi ule. Hajashuka, ila anahisi ameshuka. Akijitibu kwa sukari kila mara, atajirudisha alikotoka. Kula kitu kidogo kisichopandisha sukari haraka, mweleze daktari ili sukari ishushwe polepole zaidi ikibidi, na uvumilie, kwani ndani ya wiki chache ubongo huzoea kiwango kipya.

Ikiwa sukari imetulia na haishuki, jiulize ni chakula gani unachokitaka. Mtu mwenye njaa ya mwili hukubali chakula chochote kilichopo. Anayetaka kitu kimoja tu, tena kitamu au cha mafuta, mara nyingi anaongozwa na mfumo wa dopamini, ambao hushughulika na raha na mazoea na huweza kufanya kazi hata tumbo likiwa limejaa. Uchu huu haushindwi kwa mabishano. Unapunguzwa kwa kutoweka chakula hicho karibu na macho, kwa kuachia dakika kumi na tano au ishirini zipite huku ukitembea au ukifanya kazi ya mikono, na zaidi ya yote kwa kutofika jioni ukiwa umejinyima mchana kutwa.

Kupanga mlo ili homoni za shibe zifanye kazi

Homoni za shibe hazitoki zote kwa mara moja. Inahitajika takriban robo saa hadi dakika 20 tangu kuanza kula kabla ujumbe wao haujakolea, na anayemaliza sahani kwa dakika tano huwa ameshajipakulia ya pili kabla haujafika. Punguza kasi kwa makusudi: weka kijiko chini kati ya tonge na tonge, tafuna mpaka chakula kilainike, na ukitaka kuongeza, ngoja kwanza.

Mpangilio wa vyakula ndani ya mlo mmoja nao una maana. Anza na mboga na protini, yaani mayai, samaki, nyama, maziwa au vyakula vya jamii ya kunde, na umalizie na wanga. Tafiti za watu wenye kisukari aina ya pili zimeonyesha kwamba wanga ule ule, kwa kiasi kile kile, hupandisha sukari kwa kiwango kidogo ukiliwa mwisho kuliko ukiliwa mwanzo. Protini pia hushibisha kuliko wanga na mafuta kwa kalori zilizo sawa, na nyuzinyuzi za mboga na nafaka zisizokobolewa huchelewesha ufyonzaji na kupeleka chakula mpaka kwenye sehemu za utumbo zinazotoa GLP-1 na PYY. Kwa maoni yangu, mtu anayetaka kubadilisha jambo moja tu aanze na mlo wa kwanza wa siku, auwekee protini ya kutosha na aondoe vinywaji vitamu, kabla ya kuhangaika na mahesabu ya kalori.

Vyakula vilivyosindikwa sana kiwandani vinastahili kutajwa peke yake. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walichapisha jaribio ambalo watu 20 walikaa chini ya uangalizi, wiki mbili wakila vyakula hivyo na wiki mbili wakila vyakula visivyosindikwa sana, milo yote ikiwa na sukari, mafuta, nyuzinyuzi na chumvi kwa viwango vilivyolinganishwa. Waliruhusiwa kula kadiri walivyotaka. Katika wiki za vyakula vya kiwandani walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku, tena kwa mwendo wa kasi zaidi. Hawakuwa watu wenye kisukari, lakini matokeo hayo yanaonyesha jinsi aina ya chakula inavyoweza kuitangulia shibe.

Usingizi usisahauliwe. Kulala saa chache hupunguza uwezo wa mwili kuitikia insulini na huongeza njaa siku inayofuata. Katika baadhi ya majaribio grelini ilipanda na leptini ikashuka. Ukiona daftari lako lina njaa za 8 na 9 zisizo na maelezo, angalia ulilala saa ngapi usiku uliotangulia.

Dawa zinazoongeza njaa na dawa zinazoipunguza

Insulini na vidonge vya jamii ya sulfonilurea, kama glibenklamidi na gliklazidi, huweza kuleta njaa pale kipimo kinapozidi mahitaji, kwa kuwa sukari hushuka na mgonjwa hulazimika kula ili kuifukuzia dawa. Njaa inayojirudia saa ile ile kila siku ni dalili ya kipimo kisicholingana na maisha ya mtu, na suluhisho lake ni kurekebisha dawa, si kuongeza kitafunwa cha kudumu. Metformini kwa kawaida haiongezi hamu ya kula na kwa wengine huipunguza. Dawa za steroidi kama prednisoloni, ambazo hutolewa kwa maradhi mengine, huongeza njaa na sukari kwa pamoja, na anayeandikiwa anapaswa kumwambia mhudumu kwamba ana kisukari.

Dawa zinazoiga GLP-1 zimebadilisha mazungumzo haya yote. Homoni ya asili hudumu kwenye damu kwa dakika 2 hivi kabla ya kuvunjwavunjwa. Semaglutidi, mojawapo ya dawa hizo, imeundwa kudumu takriban wiki nzima, hivyo hufanya kazi kwenye kongosho, tumboni na katika ubongo bila kukoma. Watumiaji wengi husimulia kwamba fikra za chakula zilizokuwa zikiwaandama zimenyamaza. Anayezitumia aanze na kipimo kidogo na kukipandisha kwa ratiba ya daktari, ale milo midogo na aache mara tu anapohisi shibe, kwa sababu kichefuchefu mara nyingi humjia anayelazimisha kumaliza sahani. Ale protini kwanza, ili uzito unaopungua usiwe wa misuli. Ikiwa anatumia pia insulini au sulfonilurea, vipimo vya hizo huenda vikahitaji kupunguzwa, la sivyo sukari itashuka. Na ajue kwamba dawa ikiachwa, hamu ya kula hurudi, kwa sababu mwili hulinda akiba yake: utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba mwaka mmoja baada ya watu kupunguza uzito kwa kula kidogo, grelini yao ilikuwa bado juu na leptini bado chini kuliko mwanzo.

Hamu ya kula inapopotea

Kushiba baada ya tonge chache, kichefuchefu, na kutapika chakula kilicholiwa saa nyingi zilizopita ni dalili kwamba tumbo linamwaga chakula polepole kupita kawaida, tatizo linaloweza kutokea neva ya vagasi ikidhuriwa na sukari ya miaka mingi. Anayejidunga insulini kabla ya mlo katika hali hiyo hushuka mapema na kupanda baadaye, na anahitaji uchunguzi kabla ya kubadilisha chochote. Dawa za GLP-1 huweza kumzidishia.

Zipo pia hatari mbili zinazohusiana. Baadhi ya watu wenye aina ya kwanza, hasa vijana, huruka insulini kwa makusudi ili wakonde huku wakila. Kukonda huko ni mwili kujila wenyewe, na unayemfahamu anafanya hivyo anahitaji msaada wa kliniki na wa ushauri wa kisaikolojia bila kuaibishwa. Ya pili ndiyo inayoua haraka. Insulini ikikosekana kwa kiwango kikubwa, ketoni, yaani asidi zinazotokana na mafuta yanayovunjwavunjwa, hurundikana katika damu, na mtu aliyekuwa akila sana hupoteza hamu ghafla, hutapika, huumwa tumbo, hupumua kwa kina na kwa kasi, na pumzi yake huweza kuwa na harufu ya matunda. Kwa wanaotumia dapagliflozini au empagliflozini, vidonge vinavyotoa sukari kupitia mkojo, hali hii inaweza kutokea hata sukari ikiwa haijapanda sana, kwa hiyo namba ya wastani isiwatulize. Pima ketoni ikiwa una vipimo vyake, usiache insulini ya muda mrefu kwa sababu tu hujala, na nenda hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana.